Masweta Matatu

Basi halikuwepo.
Saa kumi na nusu alfajiri, stendi ya Mbezi,
tiketi zetu zilikuwa na kila kitu:
muhuri wa bluu, namba za viti,
jina la kampuni kwa herufi za kujivuna.
Karani akazigeuza kama anayetafuta mwiba kwenye kibua,
akasema, "Hawa walifunga ofisi tangu mwezi wa nane."
Osmundi akampigia yule kijana aliyetuuzia.
Mteja hapatikani.
Akapiga tena, kwa adabu zaidi,
kana kwamba mtandao ulitaka kuombwa.
Mabasi mengine ya Songea yalikuwa yamejaa
mpaka kwenye ndoo za katikati.

Tulirudi Tabata kwa njia ya nyuma,
maana mbele tulishaaga mtaa mzima.
Ditramu alishawaambia wenzake
kwamba Mbinga ukipumua tu, mdomo unatoa moshi.

Nikabisha hodi kwa Mama Shufaa
kuomba ufunguo wa mlango wangu,
begi la shangazi kaja begani,
na shangazi mwenyewe ndiye mimi.
Hakuuliza. Alitazama miguu yetu, vumbi la stendi,
akasema, "Maziwa yenu nimeshayapikia tambi."
Zikaja jioni, sinia zima, zabibu juu.

Ndani, friji tulikuwa tumeichomoa,
mlango wake umezuiwa na kandambili usijifunge.
Nyumba ilishaanza kuzoea kukaa bila sisi.

Kwenye misa ya mkesha, mabenchi yalikuwa na nafasi ya kulala.
Sauti ya nne yote ilikuwa imekwenda Kilimanjaro,
kwaya ikaimba bila sakafu,
na padri akatushukuru sisi "tuliochagua kubaki."
Osmundi akatazama viatu vyake.

Siku yenyewe, saa nane mchana, simu.
Mama mkwe, kwa simu ya kuazima,
uso wake umekatwa pande mbili na ufa wa kioo.
"Jogoo wenu anawasalimu," akasema,
"tangu jana anatembea kama diwani."
Tukacheka. Kisha akataja blanketi
alizozianika siku tatu, akikimbizana na mvua,
na chumba alichokipaka chokaa
kwa ule mkono wake mmoja mzima,
na hapo hakuna aliyejua acheke wapi.
Kaburi la baba hakulitaja.
Osmundi naye hakutaja pesa ya saruji,
iliyokuwa bado kwenye soksi, imekunjwa vilevile.

Kanisia ndiye aliyefungua begi.
Masweta matatu, mtumba wa Karume:
mawili yao watoto, moja la bibi,
la zambarau, vifungo vikubwa kama vizibo.
Wakavaa yao palepale,
Desemba ya Dar, feni inalizungusha joto lilelile
na kuturudishia kama chenji mbovu.
"Geukeni niwaone," bibi akasema. "Enhee. Na la tatu?"

Osmundi akalivaa la mama yake.
Mikono ikaishia karibu na viwiko.
Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, mpaka shingoni,
yeye asiyefunga hata cha shati la kazini,
akasimama mbele ya simu
kama anayepigwa picha ya kitambulisho.
"Linakutosha?"
"Linabana, mama."
"Basi mimi litanitosha."

Jasho likamshuka mpaka kidevuni.
Salio la huko likakata, kioo kikawa cheusi,
naye akabaki amesimama vilevile.
Hakuna aliyemwambia avue.

Jioni nilirudisha sinia la Mama Shufaa,
si tupu, lina paja la kuku na chapati nne.
Alikuwa anatazama kamba yangu ya nguo,
masweta matatu yananing'inia, yanachuruzika maji.
"Kwani huko ndani kwenu kuna baridi?"
"Ilikuwepo," nikasema. "Mchana, kidogo."
Akatikisa kichwa, akapokea sinia,
akanisogezea kigoda.