Kalibu ya Magamba

Mize aliniletea picha kwenye simu:
mkia wa kijani, mpana kiunoni, pezi kama upepeo.
"Wewe unatengeneza meno," akasema,
"mkia utakushindaje?"
Miaka kumi na tisa, kichumba cha nyuma, hospitali ya Wete,
namimina plasta katika vinywa visivyo na watu.
Ukinyume naujua. Shimo la leo ni jino la kesho.

Shangazi Kazija alikuwa anachambua mchele.
"Nguva kana magamba," akasema bila kuinua uso.
"Ngozi yake kama tyubu la baiskeli, na masharubu juu.
Nilimgusa mmoja, Fundo, wewe hujazaliwa."
Ni kweli.
Lakini Mize ana wasichana ishirini wa darasa la sita
anaotaka waingie majini bila kushikana nguo,
na hakuna msichana aliyewahi kuota tyubu.

Basi nikanunua pono,
nikamlaza juu ya meza yangu.
Amelala usingizi ule ule anaosifika nao.
Nikamsoma kwa ncha ya kidole:
kila gamba na miviringo yake, moja ndani ya mwenzake,
kama mkeka ulioanziwa katikati.

Kifaa: kipande cha bomba la shaba,
kimekatwa nusu, kimenolewa kwa msasa.
Nilianza chini, penye pezi, nikipanda kwenda kiunoni
kama waezekao makuti,
safu ya juu ifunike mizizi ya safu ya chini.
Magamba ya punje ya kunde,
kisha ya ukucha,
kisha, nyongani, ya kizibo cha soda.
Elfu moja mia mbili na kitu;
hesabu ilinipotea umeme ulipokatika.
Nikawasha tochi, nikailaza ubavuni mwa udongo,
na nuru ya ubavuni haina adabu:
kila kosa ikalipa kivuli chake.

Plasta ikapanda joto kama mtoto mwenye homa, ikapoa.
Udongo nikauchimbua wote.
Palipokuwa gamba, sasa kishimo.

Silikoni ilivuka kutoka Dar, makopo mawili,
moja bila mwenzake ni uji tu.
Nikachanganya sawa kwa sawa,
nikamimina kutoka juu, uzi mwembamba,
viputo vife njiani.

Ikagoma.
Siku ya pili bado inanata
kama halua iliyoepuliwa kabla ya wakati wake.
Nililaumu joto. Nililaumu muuzaji.
Nikamlaumu hata Shangazi na mdomo wake.
Kumbe glavu! Glavu zangu za mpira, zile zile za meno,
zilizopapasa kalibu nzima:
salfa kidogo tu, na silikoni haitaki tena kukomaa.
Kilo nne nilizikwangua kwa kijiko na matusi.

Mara ya pili nilivaa mikononi vifuko vya mkate.

Alfajiri nikauvuta.
Ulitoka kwa sauti,
mguu unaong'oka kwenye tope la mikoko.
Mweupe bado, rangi ya maziwa, mzito kama mtu aliyelala.
Mize hakusema kitu. Akapitisha kiganja
kutoka kiunoni hadi kwenye pezi, kikateleza.
Akakirudisha juu, kikakwama.
Ndipo akacheka.

Safu ya tatu, upande wa kushoto, kuna dole gumba.
Ni la Faki wangu, miaka mitano,
alitaka kujua udongo umekauka.
Kwenye udongo sikuliona.
Sasa limo ndani ya kalibu,
na Mize anataka mikia mitatu.

Pono mwenyewe tulimla siku ile ile, kwa ndimu.
Magamba yake bado nayaokota,
chini ya kabati, ndani ya kiatu,
moja jana kwenye sanduku la meno,
limejikunja, kavu,
nikadhani ni ukucha wa mtu.