Zamu ya Nkuhungu

Jumatatu usiku maji ni ya Nkuhungu.
Jumanne ni Kizota. Jumatano watu wa mlimani
wananipigia simu kabla sijala.
Mimi ndiye mwenye ufunguo: chuma cha herufi T,
kirefu kunizidi, kizito kama deni.

Mifuniko mitatu imeibwa mwaka huu.
Lile shimo la karibu na kinu cha alizeti
nimelichomekea tawi la mgunga lenye kitambaa chekundu,
mtoto asije akatumbukia akikimbiza mpira.
Barua ya kuomba mfuniko niliandika mwezi wa tatu.
Sasa ni wa saba. Tawi limekauka, nimechomeka jingine.

Saa tisa usiku, mji ukinyamaza,
nasimamisha nondo juu ya bomba, naweka sikio.
Bomba zima halina neno.
Linalovuja linanong'ona,
kama mtu anayesali hataki mwenzake aamke.
Hapa jina la mji lenyewe ni kuzama:
maji yakipotea hayapandi juu kutoa taarifa,
mchanga unameza, unafuta mdomo.
Ila majani. Ukiona majani mabichi mwezi wa saba
usikimbilie kushukuru. Piga simu.

Chidawali aliyaona. Akanyamaza miezi miwili,
akapanda maboga.
Nilipochimba alinitazama kama ninayemfilisi:
"Fundi, hata moja halijakomaa!"
Nikamwonyesha ufa, mwembamba, kama wa kikombe.
Ndoo za Nkuhungu nzima zilikuwa zinaishia pale.

Usiku ule nilimaliza mapema.
Baridi ya Julai haibishi hodi, na upepo
ulikuwa umebeba vumbi lote la barabara mpya.
Nikafika nyumbani na tope magotini.
Mlango umefungwa. Chini yake
kanga ya zamani imesokotwa, imeshindiliwa.
Ni mimi niliyeonyesha namna ya kuishindilia.
Dirisha nililiziba kwa nailoni, misumari kumi na miwili,
nikajisifu mbele ya shemeji:
fundi wa maji, nyumba yake haivuji.

Nikagonga. Nyemo haitiki.
Nikaweka sikio kwenye mbao
kama ninavyoliweka kwenye nondo.
Hakuna neno.
Kimya kile kile ninachokipenda barabarani.
Nikatamani mnong'ono.

Sijui bega langu lilipiga mara ngapi.
Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa yamevaa majivu,
mekundu kwa ndani, bila moshi, bila harufu,
yametulia kama mgeni mwenye adabu.
"Mtoto alikuwa anatetemeka," Nyemo alisema baadaye, hospitali.
"Nikaona moshi umekwisha. Nikajua hatari imekwisha."

Nilimbeba Lechipya, nikamburuta mama yake, hadi uani,
na upepo ule tunaoutukana miezi mitano,
mpasua midomo, mtia mchanga kwenye ugali,
ukaja kama zamu iliyochelewa,
ukawajaza.
Mtoto akatapika kwenye viatu vyangu.
Nilivivaa hivyo hivyo kwenye bajaji, sikuvipangusa.

Sasa kanga iko kambani.
Nailoni nimeing'oa upande wa juu, upana wa kiganja.
Vumbi linaingia, linakaa juu ya vyombo,
Nyemo anafuta, anasonya, hazibi.
Jiko linalala nje, limefunikwa kwa sufuria lililotoboka.
Na mimi, Jumatatu,
kabla ya kwenda kuwafungulia wa Nkuhungu,
nazunguka chumba, kiganja mbele, polepole,
natafuta mahali panapovuja.
Nikipapata, naondoka.