Stakabadhi ya Kilo Arobaini na Moja

Ndani ya Biblia ya bibi Ndeonansia,
kati ya Ruthu na Samweli wa Kwanza,
nimekuta stakabadhi ya chama cha msingi:
kahawa kavu, kilo arobaini na moja, daraja la pili.
Muhuri umefifia,
limebaki duara kama la kikombe mezani.

Nimeshuka nayo Moshi mjini kwa miguu,
njia ileile aliyoshuka na gunia kutoka Uru,
mfongo ukininong'oneza upande wa kushoto
mpaka ulipokatika, penye bomba na mita.

Arobaini, alikuwa akisema, ni za watu:
karo ya Eliringia, bati za jikoni,
deni la mrututu, sadaka.
Hiyo moja ni yangu.

Na hiyo moja aliila stesheni.
Chai ya maziwa, andazi, benchi la ukutani,
magunia yakipakiwa behewa kwa behewa
kwenda Tanga, na baada ya Tanga hakujui.
"Nani huko anakunywa yote haya?"
"Wazungu, mama," akajibu mpakizi.
"Hawalali?"

Yeye mwenyewe kahawa hakuwahi kuionja.
Alisema inanuka kazi.

Saa ya mnara inasema saa nne kamili,
ya simu yangu inasema na robo.
Nasimama chini ya jengo la ushirika,
ghorofa juu ya ghorofa, senti juu ya senti,
nahesabu madirisha
nikijiuliza lipi lilitoka mgongoni mwake.

Mjomba Eliringia, yuleyule wa karo,
aling'oa mibuni mwaka jana, akapanda parachichi.
"Parachichi halinidai mrututu," anasema,
na sina la kumjibu;
ameilisha ile mibuni miaka thelathini
na bei haikumlisha.
Mitatu tu ameiacha, pale penye masale,
alipolala mama yake.
Shoka alilifikisha. Akalirudisha begani,
akasema kumeanza manyunyu.
Jua lilikuwa linawaka.

Mgahawani, jirani na mnara,
kijana ananiletea kikombe, povu limechorwa jani.
Bei nimeisoma mara mbili.
Natandika stakabadhi chini ya kisahani,
natia sukari vijiko vitatu, kama ya chai yake,
kisha nanusa kwanza.

Shingo inajikaza yenyewe,
kama ya mtu anayetwishwa.