Boriti ya Nne

Blaenau, Novemba, mvua inakwangua mapaa ya mawe.
Mama ana miaka sabini na minane
na bado hupanda darini kwa kiti juu ya meza,
kisha huapa hakupanda.
Ndiyo maana nimemwita Tegwyn
na ngazi ya kukunjwa, imelala ndani ya boksi
pamoja na bawaba zake na karatasi ya maelekezo
ambayo Tegwyn amefungia mkate.

Anaigonga dari kwa kifundo cha kidole.
Inaitika tupu, tupu, tupu, kisha: mti.
Anatia alama ya penseli.
"Usizione boriti hizi zimelala," asema.
"Plasta zinabeba, sawa,
lakini kazi yao hasa ni kushikana mikono.
Paa linazisukuma kuta nje, usiku na mchana;
hizi ndizo zinazosema, kaa hapa."

Kati ya boriti na boriti, milimita mia tatu themanini.
Kifuniko chetu, mia tano sitini.
Hesabu haina ubishi. Moja itakatwa.

"Lakini msumeno ndio wa mwisho kupanda."
Anasimamisha nguzo mbili chini, ubao mpana juu yake,
anakaza hadi dari inatoa sauti ndogo,
kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.
Ya tatu na ya tano atazipa pacha,
mbao mpya bega kwa bega, bolti kila futi,
maana wanaosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawajawahi kuwa boriti ya pembeni.

Akaingia na tochi. Akanyamaza.
Kimya cha fundi hugharimu pesa.
"Heledd. Njoo uone."

Boriti ya nne ilikwishakatwa.
Si yote: pengo katikati, limebakiza vidole viwili vya mti,
njia ya bomba la risasi lililong'olewa zamani.
Mkato nadhifu. Kando yake, kwa penseli,
saba yenye mstari tumboni.
Saba ya baba. Naijua kwenye daftari la duka,
kwenye bahasha za karo.

Chini ya pengo hilo, juu ya kitanda chao,
ule ufa.
Miaka arobaini tuliisingizia baruti ya machimbo.
Mama aliiandikia kampuni barua tatu;
baba ndiye aliyebandika stempu.
Ya tatu ilijibiwa kwa hundi ya pauni kumi na mbili.

Tulimaliza Alhamisi.
Mbao za kukingama zikapokea ncha mbili za boriti iliyokatwa,
kila ncha ndani ya kiango chake cha chuma,
misumari katika kila tundu,
hata yale ambayo hakuna atakayeyaona.
Nguzo zikaondolewa. Tukasubiri.
Pima maji ikaonyesha povu lake katikati, halikutikisika.

Mama akaja, mkono kwenye ngazi mpya.
"Mmekuta nini huko?"
Tegwyn akachunguza penseli yake.
"Mbao kuukuu," nikasema.

Akapanda vidato vitano, akapapasa gizani,
akacheka kwa pua.
"Mwambie Tegwyn asione haya.
Mimi ndiye niliyeshika tochi."
Kidato kimoja zaidi.
"Na zile pauni tulinunulia rangi ya kufichia ufa.
Haya, nipitishieni lile sanduku la bluu."