Kawa la Bombo

Kawa hili alilianza Bakhita, bibi wa mama;
kitovu chake cheusi kimekaza kama ngumi.
Mzunguko mwekundu ni wa Zenabu.
Pale msuko ulipolegea, alikuwa akinyonyesha.

Kijani alisuka Nakitto, jirani, si wa damu,
aliyetuficha kwenye bohari ya kahawa
mwaka ule Bombo ilipobaki na mbwa tu.

Marajani hakusuka. Alilikalia, likapinda,
tukacheka hadi chai ikapoa.

Leo nimefunikia kisra.
Mjukuu anauliza: na huu uzi wa nailoni, wa nani?
Wangu, bibie.
Vidole havipasui tena ukindu.

Ukingo bado haujafungwa.
Nampa sindano.
Anajichoma, ananyonya kidole,
anaendelea.