Uwe Getini Saa Mbili

Isabirye ameandika: Jumamosi uwe getini saa mbili kamili asubuhi,
boti la mpira halimsubiri mtu.
Hakusema nifikeje.

Basi nimeigeuza kalenda ya duka la mbegu,
mgongoni mwake nikachora ziwa
kama chapati iliyong'atwa upande wa kusini.
Pale lilipopita jino nimetia nukta: hapa, Kirumba, mezani kwa mama.
Nukta nyingine juu kabisa, Jinja,
ambapo maji yanaacha kuwa ziwa.

Njia ni mbili.
Ya kulia: basi la alfajiri Nyamhongolo,
Lamadi, Bunda, Sirari, kugonga mhuri,
Kisumu, usiku wa Busia, kugonga tena.
Ya kushoto: meli ya usiku mpaka Bukoba,
Mutukula, Masaka, foleni za Kampala.
Kushoto rahisi, nikasema. Mhuri mmoja,
na nusu ya safari nimelala.

Mama alikuwa anapepeta mchele.
Ungo ukasimama hewani.
Hatukutaja mwaka. Nyumba hii haiutaji.
Shati la mjomba Masalu bado limo sandukuni,
limepigwa pasi,
linamngoja mtu anayetoka Bukoba.

"Pita kulia," akasema,
na ungo ukaendelea.

Haya, kulia. Hesabu upya.
Ruhusa iwe siku tatu, si mbili,
na bosi Lushinge, pale kiwandani kwenye minofu,
haelewi mtu kulipa hela ili amwagiwe maji:
"Si usubiri masika ukasimame Mabatini,
upelekwe bure?"
Kadi ya homa ya manjano ipo, imelowa chai.
Shilingi nizigeuze shilingi,
kisha shilingi tena,
jina lilelile, sura nyingine,
na kila anayegeuza anabaki na kipande.
Nyamizi kashanunua viatu vyake Makoroboi,
vya mikanda, visivyochomoka hata uvutwe na ng'ombe.
Njia hajaiuliza. Anasema yeye ni mzigo wangu,
nimpakie nitakakompakia.

Narudi nyuma kwa vidole:
saa mbili getini,
saa moja bodaboda na vumbi lake,
saa kumi na mbili chai, kama itashuka,
saa kumi na moja kuamka, kama nitalala.
Kwa hiyo Jinja nifike Ijumaa jioni,
kwa hiyo Mwanza niondoke Alhamisi kungali giza,
kwa hiyo begi nilifunge leo,
na leo imebaki robo.

Chini kule, mwaloni, wanasuuza ndoo za dagaa.
Maji yale yale yanakwenda Jinja
bila hati, bila foleni, bila kuulizwa yanakwenda kwa nani.
Hayana haraka lakini. Mwalimu wetu wa jiografia alisema
yanazunguka humu miaka na miaka
kabla hayajauona mlango.
Nimepiga hesabu, nikaifuta, nikaipiga tena.
Kama ni kweli, basi huenda
maji ya mwaka ule ndiyo yanapita sasa
mbele ya geti la Isabirye.

Hilo simwambii mama.

Imebaki fomu.
Uzito: nimepunguza kilo mbili.
Unajua kuogelea? Nimeandika: kiasi.
Jina la mtu wa kupigiwa simu ikitokea lolote.
Hapo kalamu ikakauka, au mimi.

Mama akaja nyuma yangu, mikono ina pumba,
akasoma bila miwani, midomo ikicheza.
"Niandike mimi," akasema.
"Mto siuogopi. Mto una kingo mbili,
mtu akitupwa huku atashika huku.
Ila uniwekee salio kabla hujaondoka.
Ukichelewa kupiga
nitapiga mwenyewe."