Namba ya Tatu

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa tatu asubuhi.
Semhando ameshika ngazi, mimi nimeuma bisibisi.
Nyumba ya Bi. Mwanatumu ni ya zamani,
mawe ya matumbawe, boriti za mikoko,
ukuta mnene hata paka hulala dirishani akajinyoosha.
Mwizi aliingia mwezi wa Rajabu, kwa mlango wa uani,
akabeba redio, mtungi wa gesi, na sufuria
na wali wake ndani.
"Wali nimemsamehe," anasema Bi.
"Ila ile sufuria ilikuwa ya mama."

Nikampangia vyombo juu ya mkeka:
sensa nne, ndogo kama vibiriti,
king'ora, risiva, rimoti yenye kitufe chekundu.
Hakuna waya? Hakuna waya.
Sumaku kwenye mlango, sensa kwenye fremu,
vikiachana tu, sensa inapiga ukelele
usiosikiwa na sikio la mtu wala la mbwa;
risiva peke yake ndiyo inayousikia.

Antena ni uzi wa shaba, shibiri kasoro vidole viwili.
Sipunguzi, siongezi.
Niliwahi kukata mfupi kule Duga,
nikarudi mara tatu kwa mafuta yangu.

Kwanza wajuane.
Nashikilia kitufe cha risiva mpaka taa iwake,
Semhando anafungua mlango wa mbele,
taa inakonyeza mara tatu.
"Tayari," nasema, "wameshajuana."
"Hivyo tu? Bila hata posa?"

Sensa ya uani ikakataa.
Matumbawe yanameza mawimbi kama mchanga unavyomeza maji.
Tukaiweka risiva juu ya kabati: kimya.
Karibu na friji: bora isingekuwapo.
Mwisho ikashika juu ya mlango wa ukumbi,
penye picha ya marehemu mumewe, kofia ya viua, miwani.
Nikasita na nyundo yangu.
"Msogeze," akasema. "Huyo tangu zamani hasikii vizuri."
Marehemu akashuka msumari mmoja.

Ikabaki kazi ndogo.
Mashine inataka namba tatu za kupigia:
ya kwanza isipopokewa ipige ya pili,
ya pili isipopokewa ipige ya tatu.
Ya kwanza, Hatimu, yuko Sohar.
Ya pili, Mwanaisha, Mbezi kwa mumewe.
Ya tatu akaitafuta katika daftari la madeni,
akalamba kidole, akafunua,
jina limepigwa mstari,
akafunua, mstari,
akafunua.
Semhando akajifanya anakunja ngazi.

"Weka yako."
"Mimi fundi, Bi."
"Kwani nimesema wewe nani?"

Nimeingiza namba za watu katika mashine zisizo na idadi,
za mameneja wa magodauni ya mkonge, za wake wa pili,
ya askari mmoja aliyeogopa kulala.
Yangu sikuwahi.
Vidole vikakosea tarakimu mbili.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya Isha, simu inaita.
Maana yake imekwishapita Sohar, imekwishapita Mbezi,
sasa imefika Makorora, juu ya sinia langu la ugali.
Ukipokea, mwanzo husikii mtu, unasikia nyumba:
pangaboi linalokwaruza, birika, paka,
kisha sauti yake akiongea na ukuta kwa nguvu,
kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara:
"Najaribu tu, fundi! Betri isije ikafa!"
Betri ile ni ya mwaka mzima. Nilimwambia.
Sijamwambia tena.
"Inasikika, Bi," nasema. "Vizuri kabisa."
"Umekula?"
"Nakula."
"Haya."

Leo Ijumaa.
Saa nne imepita na robo yake.
Nimeigeuza simu, nimeipangusa, nimeihamishia dirishani.
Itakuwa betri.
Nina mpya mbili kwenye droo, nimezitia mfukoni.
Semhando anauliza nakwenda wapi na bisibisi usiku huu,
nami namuuliza yeye
ufunguo wa pikipiki ameuweka wapi.